Bei ya Mfano: Nyumba ya Urithi kutoka Kibiti hadi Delta ya Rufiji

Msafiri anayepanda basi Mbagala Rangi Tatu kuelekea kusini huanza kusoma bei ya ardhi dirishani kabla hajafika mbali. Kongowe na Vikindu nyumba za tofali zimebanana kama safu za swala ya Ijumaa. Mkuranga zinaanza kuachiana nafasi. Kimanzichana minazi na mikorosho inatawala, na nyumba huonekana mojamoja nyuma ya vichaka. Njia nzima kuna maandishi ya rangi kwenye kuta. Mengine yanatangaza kiwanja kinauzwa, na namba ya simu chini yake. Mengine yanaonya kwamba nyumba hii haiuzwi, na anayeyasoma hufahamu kuwa huenda ndani yake wamo warithi wasioelewana, au yumo mtu aliyewahi kutaka kuiuza kwa siri ya wenziwe.

Ukivuka Jaribu Mpakani umeingia Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya muongo uliopita. Bungu unaiacha njia ya Nyamisati mkono wa kushoto, kisha basi linaingia Kibiti mjini, mahali ambapo barabara kuu ya Lindi na Mtwara inakutana na njia ya Mkongo na Mloka. Hapo ndipo tuliposhuka: mjane mmoja, mwanawe wa kiume, binti yake mkubwa, ami yao, na mimi niliyekwenda kwa kazi ya ukatibu wa kamati ya msikiti aliokuwa akiswali marehemu. Binti wa mwisho, ambaye hajabaleghe, aliachwa Dar es Salaam kwa sababu ya shule.

Marehemu alikuwa mtu wa Mbagala kwa makazi na mtu wa Rufiji kwa asili, kama walivyo maelfu ya waumini wa upande ule wa jiji. Kibiti aliacha nyumba. Mama mjane alikuwa bado ndani ya eda pale mnunuzi alipotuma salamu za rambirambi pamoja na bei. Tuliitwa ili tugawe mirathi. Tulipofika tulikuta kuna swali lililotangulia mgao, nalo halikuwa limeulizwa na yeyote: je, bei ile ni bei ya nyumba ile?

Karatasi tatu za nyumba moja

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, uani kuna banda la jiko na mnazi mmoja uliosalia. Ipo safu ya pili kutoka barabara kuu. Nyaraka zake zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi, karatasi tatu za mauziano, kila moja ikiwa na mwandiko wake na mashahidi wake. Tulizitandaza juu ya mkeka barazani tukazisoma kwa zamu, na kusoma kule kulikuwa darasa la historia.

Karatasi ya kwanza, ya enzi za vijiji vya Ujamaa, haikutaja ardhi kabisa. Ilihesabu minazi kadhaa, mikorosho kadhaa na kibanda kimoja, ikaandika bei. Anayeishangaa na akumbuke sheria ya wakati ule. Ardhi ilikuwa mali ya umma, kama ilivyo hadi leo, lakini zaidi ya hapo ilichukuliwa kwamba ardhi tupu haina bei: kinacholipiwa ni kile mtu alichokipanda au kukijenga juu yake. Na desturi ya pwani yetu tangu zamani iliruhusu mti kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwenyewe mwingine. Karatasi ile, kwa hiyo, iliuza miti.

Tena wakati huo ndio watu walikuwa wanazoea kuishi pembeni mwa barabara. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ikawahamisha wakulima wa bonde na kuwaweka katika vijiji vya nyanda zisizofikiwa na maji. Waliacha mashamba ya mlau, yale yanayolimwa mto ukishapungua, wakaacha na madungu yao, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ili mtu alinde mpunga wake na maji yapite chini. Aliyetoka kwenye ardhi inayorutubishwa na mto kila mwaka hakuona fahari ya kupewa kipande cha mchanga kando ya njia. Kipande kile kile leo kinagombewa.

Karatasi ya pili ilitaja vyumba vya miti na udongo, paa la bati, na mlango wa mbao. Miti imepungua katika hesabu, kuta zimeongezeka. Karatasi ya tatu, aliyonunulia marehemu, ndiyo ya kwanza kutaja ardhi: upana kwa hatua, urefu kwa hatua, na majina ya majirani wa pande nne. Kati ya karatasi ya pili na hii ya tatu ilipita Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, iliyokiri kwamba ardhi ina thamani, zikafuata Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999. Likafuata pia jambo ambalo halikuandikwa kwenye karatasi yoyote ya familia ile, lakini limepandisha bei ya kila kiwanja cha Kibiti: Daraja la Mkapa.

Wazee wanakumbuka kivuko cha Ndundu, ambapo magari yalipanga foleni kusubiri pantoni, na mto ukijaa abiria walilala njiani. Daraja lilifunguliwa mwaka 2003. Lami ya kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, ilichelewa zaidi, na ilipokamilika njia ya kusini ikawa njia kweli. Kibiti ikaacha kuwa kituo cha kunywa chai kabla ya mto. Makao makuu ya wilaya yalipokuja, wakaja watumishi wanaohitaji vyumba vya kupanga, wakaja wafanyabiashara wanaohitaji fremu za maduka. Kuta za nyumba ya marehemu ni zilezile. Kilichobadilika ni kile kinachopita mbele yake.

Majirani wa pande nne

Sitaitaja bei aliyoitoa mnunuzi, kwa kuwa ni siri ya warithi. Nitaeleza tulivyoipima.

Kwa kuwa karatasi ya tatu ilikuwa na majina ya majirani, ami aliona tuwatembelee wote wanne, au warithi wao. Tulianza baada ya Alasiri. Jirani wa mashariki, mama mtu mzima anayeuza maandazi, alitueleza kwamba hakuuza wala hakuulizwa. Wa kaskazini alikuwa ameuza nusu ya kiwanja chake mwaka ule ule, naye hakuona haya kututajia bei. Wa magharibi, anayepakana na barabara, alikuwa na fremu mbili na hakuwa na haja ya kuuza. Wa kusini alikuwa amefariki, na mwanawe alituonesha mkataba wa mauzo ya nyumba yao, yenye vyumba vinne badala ya sita, iliyouzwa miezi michache kabla.

Tuliporudi barazani jua likiwa linazama, hesabu ilikuwa wazi. Nyumba ndogo ya safu ile ile, mwaka ule ule, ilikuwa imeuzwa kwa takriban mara mbili ya bei tuliyopewa sisi. Mtoto wa kiume akampigia simu dalali kumweleza kwamba familia imezungumza na majirani. Bei ikapanda kabla chai haijapoa. Mama mjane hakufurahi. Aliinamisha kichwa akauliza, kama aliweza kulipa hii leo, ile ya jana ilikuwa ya nani?

Wenyeji wa biashara hii wanalo jina la tofauti ile: cha juu. Dalali huambiwa na mnunuzi kiasi anachoweza kulipa, akamtajia muuzaji kiasi pungufu, kinachobaki katikati kikawa chake bila wakubwa wawili hawa kujua. Wapo madalali waaminifu wanaotaja ujira wao waziwazi, na ujira wa wazi ni halali yao. Cha juu ni jambo jingine. Aliyeaminiwa kusema bei amesema uongo, na fedha yake imetoka kwenye fungu la mjane na yatima.

Ukubwa wa hasara unaonekana tukipiga hesabu kwa tarakimu za kubuni. Tuseme nyumba yenye thamani ya shilingi milioni 16 imeuzwa kwa milioni 8, na warithi ni hao hao: mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mke ana thumuni. Kinachobaki kinagawanywa mafungu manne, mawili ya mtoto wa kiume na moja moja kwa mabinti. Kwa milioni 8, mke anapata milioni 1, mtoto wa kiume milioni 3 na laki 5, kila binti milioni 1 na elfu 750. Kwa milioni 16, mke angepata milioni 2, mtoto wa kiume milioni 7, kila binti milioni 3 na laki 5. Sheikh aliyegawa milioni 8 hakukosea hata senti moja. Amefuata Suratun-Nisaa aya kwa aya. Lakini binti ambaye hajabaleghe ameondoka na nusu ya haki yake, na dhuluma hiyo imepita mlangoni kabla mgawaji hajafungua kitabu.

Hili ndilo ninaloliona kila mara katika vikao vya mirathi. Tuna umakini mkubwa katika mafungu na uzembe mkubwa katika bei. Tunamwita mwanachuoni atwambie thumuni ya mke, lakini bei yenyewe tunaipokea kutoka kwa mpita njia.

Shahidi wa delta

Karatasi ya pili ilikuwa na shahidi mmoja aliye hai, shangazi wa marehemu, anayeishi upande wa delta. Ami alitaka asikie kutoka kinywani mwake mpaka wa uani ulipopita, kwa kuwa jirani mmoja alikuwa na shaka juu ya hatua mbili za ardhi. Tukarudi Bungu, tukashika njia ya Nyamisati.

Nyamisati ni bandari ya watu wa Mafia na mlango wa watu wa delta. Kutoka hapo wapo wanaokwenda Kilindoni na wapo wanaoingia katika mikono ya mto kuelekea vijiji vya Salale, Kiongoroni, Mbwera, Msala na Maparoni. Ukishaingia ndani, mikoko inasimama pande zote mbili kama kuta. Msitu huu, wa zaidi ya hekta 50,000, ndio msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki. Tangu enzi za Wajerumani umekuwa hifadhi ya Serikali, na mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa likaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia.

Zamani miti ya hapa ilikuwa na bei hadi ng'ambo ya bahari. Majahazi yalipakia boriti za Rufiji, kama yalivyopakia za Lamu, yakazipeleka Oman na nchi za Ghuba kwenye uhaba wa miti ya kujengea. Upana wa vyumba vya nyumba nyingi za kale za huko ulifuata urefu wa boriti, kwa kuwa paa haliwezi kupita mwisho wa mti. Nyumba za matajiri wa Ghuba, kwa maana hiyo, zilipimwa kwa msitu wa Rufiji.

Shangazi tulimkuta kibarazani akisuka ukili. Baada ya shikamoo na marahaba, na kuwalilia waliotangulia, alitueleza mpaka ulivyopita, na akakumbuka hadi mti uliokuwa alama. Kisha mtoto wa kiume akamuuliza nyumba kama yake ingeuzwaje. Shangazi akacheka. Alisema hapa mtu akiondoka huuza bati zake na boriti zake, au huzipakia mtumbwini akaenda nazo. Ukingo ukilika na maji, nyumba hubomolewa ikasimamishwa nyuma kidogo. Kiwanja hakiuzwi, kwa sababu mto haujaweka sahihi popote.

Ni maneno ya mzaha, lakini yana elimu ndani yake. Delta ya leo imebaki karibu na karatasi ile ya kwanza ya Kibiti: kinachouzwa ni kazi ya mikono, ardhi ni ya msitu na ya mto. Kijana aliyekulia huku, akirithi kiwanja Kibiti mjini, hukitazama kwa jicho la delta. Anahesabu bati, milango na tofali, kisha anafurahi kwa bei inayozidi hesabu hiyo. Mnunuzi anayetoka Dar es Salaam haoni bati wala tofali, kwa kuwa pengine atazivunja wiki ijayo. Yeye anahesabu hatua za kutoka barabarani. Wawili hawa wanauziana vitu viwili tofauti kwa jina moja la nyumba.

Kuna pia bei ya shida. Mwaka 2017, Kibiti ilipotajwa kila siku kwa mauaji ya viongozi wa vijiji na askari, aliyelazimika kuuza aliuza kwa bei ya hofu. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na aliyelazimika kuuza wakati ule aliuza kwa bei ya maji. Karatasi ya mauzo haiandiki hofu wala maji. Atakayeichukua baada ya miaka mitano kuwa kipimo cha thamani ya mtaa atapotoka.

Mizani ya dhahabu

Usiku ule, tukisubiri maji yajae ili mashua iondoke, ami alisema kwamba marehemu alipata faida kubwa, maana bei ya sasa ni mara nyingi ya ile aliyonunulia. Wengi husema hivyo. Lakini shilingi ni kamba inayofupika kila mwaka, na anayepimia kwa kamba hiyo huona kiwanja kinakua hata kama kimelala.

Sisi Waislamu tunayo mizani nyingine tunayoitumia kila mwaka bila kuifikiria: nisabu ya zaka, gramu 85 za dhahabu. Kwa wastani wa bei ya soko la dunia na thamani ya shilingi yetu, nisabu hiyo mwaka 2003, mwaka lilipofunguliwa daraja, ilizidi kidogo shilingi milioni 1. Mwaka 2023 ilikuwa takriban milioni 12 na nusu. Kwa hiyo nyumba iliyonunuliwa kwa milioni 1 mwaka 2003 ikauzwa kwa milioni 8 miaka 20 baadaye imepanda mara nane kwa shilingi, lakini kwa dhahabu imepungua zaidi ya theluthi. Kwa upande mwingine, bei za bidhaa za kawaida nchini katika miaka hiyo zilipanda zaidi ya mara tatu, na mtu anayenunua mchele na sabuni atasema nyumba ile imeleta faida. Majibu yote mawili yana ukweli. Ndiyo maana bei ya zamani ya nyumba, peke yake, haitoshi kusema kama bei ya leo ni ya haki. Kinachotosha ni bei ya leo ya nyumba zinazofanana nayo.

Walichosema mafaqihi

Mafaqihi wana jina la kipimo hicho: thamanul-mithli, bei ya mfano, yaani kile kinacholipwa kwa kitu cha namna hiyo, mahali hapo, wakati huo. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, mtu mzima mwenye akili timamu akiuza mali yake mwenyewe kwa hasara bila kudanganywa, mauzo yake yanasimama. Lakini wakala na msimamizi wa mali ya yatima hawana uhuru huo. Hawaruhusiwi kuuza chini ya bei ya mfano kwa pengo lisilovumilika. Na nyumba au ardhi ya yatima haiuzwi ila kwa haja ya kweli au kwa faida iliyo dhahiri. Familia yenye mtoto ambaye hajabaleghe haina ruhusa ya kusema tumeridhika, kwa sababu mmoja wao bado hana ulimi wa kuridhia.

Qur'ani inasimulia mara zaidi ya moja jinsi Nabii Shuaib (a.s.) alivyowakataza watu wake kupunja vipimo na kuvipunguzia thamani vitu vya watu. Mtume (s.a.w.) alikataza wafanyabiashara kwenda kuwalaki wenye misafara nje ya mji na kununua bidhaa zao kabla hawajaijua bei ya soko, na katika mapokezi ya Muslim, aliyeuza kwa namna hiyo ana hiari akifika sokoni. Mnunuzi anayekwenda kwa mjane ndani ya eda, au anayeingia delta kumtafuta mrithi kabla hajakanyaga Kibiti, ametoka kulaki msafara.

Hata hivyo Mtume (s.a.w.) alipoombwa awapangie watu wa Madina bei, alikataa kuwapangia. Soko liliachwa huru. Kilichozuiwa ni kutumia ujinga wa muuzaji.

Na katika Sahihi ya Bukhari kuna kisa cha nyumba na jirani kinachostahili kusimuliwa katika kila kikao cha aina hii. Abu Rafii (r.a.) alikuwa na vyumba viwili ndani ya eneo la Saad bin Abi Waqqas (r.a.), akamtaka Saad avinunue. Saad akasema hatazidisha dirhamu elfu nne, tena kwa mafungu. Abu Rafii alikuwa ameshapewa dinari mia tano na mtu mwingine, ambazo kwa kiwango cha dirhamu kumi kwa dinari ni dirhamu elfu tano. Akamuuzia Saad kwa elfu nne, akieleza kwamba lau si kumsikia Mtume (s.a.w.) akisema kuwa jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake, asingemuuzia kwa bei hiyo. Tazama uzuri wa kisa hiki. Abu Rafii aliijua bei ya soko, akaijua tofauti, akaisamehe kwa hiari yake kwa ajili ya ujirani. Huo ni ukarimu. Mjane aliyeuza kwa nusu bila kujua hakuwa mkarimu, alinyang'anywa.

Kabla ya kutia sahihi

Familia niliyokwenda nayo haikuuza. Vyumba vimepangishwa, kodi inagawanywa kwa mafungu ya mirathi, na fungu la binti mdogo linaandikwa kando. Iko hadithi katika mkusanyiko wa Ibn Majah inayotahadharisha kwamba anayeuza nyumba na asiiweke thamani yake katika mali ya mfano wake yu hatarini kukosa baraka ndani yake. Mama mjane alilishika neno hilo kuliko hoja zetu zote.

Kwa familia zitakazofikia siku kama ile, haya ndiyo yaliyotusaidia. Msimamizi wa mirathi ateuliwe mahakamani kabla ya mtu yeyote kuzungumza bei. Maneno ya kuuza yasubiri eda iishe. Waulizwe majirani wa pande nne, na zitafutwe angalau nyumba tatu za safu ile ile zilizouzwa karibuni, kisha iulizwe kama waliouza walikuwa na shida. Dalali ataje ujira wake mbele ya mnunuzi na muuzaji wakiwa pamoja. Kama ardhi ni ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji ihusishwe, kwa kuwa uhamisho unahitaji idhini yake. Nyumba ya ndoa isiuzwe bila ridhaa ya mwenza. Na mrithi anayetaka kubaki na nyumba aulizwe kabla ya mgeni, akitaja bei ya mfano apewe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msikiti unaoshuhudia mauzo ya waumini wake unaweza kuwa na daftari moja la ziada, lenye mistari minne kwa kila mauzo: nyumba iko safu ya ngapi, ina ukubwa gani, imejengwa kwa nini, imeuzwa shilingi ngapi na mwaka gani, bila majina ya watu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana na kushuhudishana. Daftari la kurasa mia moja halizidi bei ya sahani ya wali. Tumeanza letu mwezi uliopita, na lina mistari michache tu. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaowatimizia watu haki zao kwa ukamilifu. Wallahu aalam.